Kumtafuta Mwimbaji wa Zamani

Msomaji, ukishuka katika kivuko cha Likoni ukashika njia ya kushoto, hutakwenda mbali kabla ya kufika ufuo uitwao Shelly Beach. Katika miaka ya 1970 pwani ya Mombasa, kusini na kaskazini, ilikuwa na hoteli nyingi za watalii, na aghalabu hoteli hizo ziliajiri bendi za kupiga muziki usiku. Baadhi ya bendi hizo zilipiga soul, muziki uliozaliwa Marekani kutokana na uimbaji wa makanisa ya watu weusi, wakauvumisha akina Ray Charles, Otis Redding na James Brown. Mji wa bandari haukawii kupokea mgeni. Mombasa ikapata waimbaji wake, na mmojawapo ni Slim Ali, aliyeimba kwa Kiingereza pamoja na bendi yake ya Hodi Boys.

Siti binti Saad wa Unguja alipata bahati kubwa. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kuimba katika santuri, na kabla hajafariki mwaka 1950 Shaaban Robert alikutana naye, akamsikiliza, kisha akaandika wasifu wake. Waimbaji wa hoteli hawakupata Shaaban Robert wao. Atakaye habari zao hana budi kuzitafuta mwenyewe.

Anza na sahani ya santuri. Karatasi iliyobandikwa katikati hutaja wimbo, mwimbaji na kampuni. Mara nyingi, ndani ya mabano, humtaja pia mtungaji. Itazame vilevile sehemu laini iliyo karibu na karatasi hiyo, utaona nambari iliyochorwa. Sahani mbili za kampuni moja zenye nambari zinazofuatana yamkini zilitoka karibu karibu. Ukiujua mwaka wa moja, umeukaribia mwaka wa pili.

Usidharau jina lililo ndani ya mabano, kwa kuwa fedha hulifuata hilo. Wimbo wa Malaika ulitiwa katika santuri na Fadhili William, na Miriam Makeba akaupeleka mbali. Lakini Adam Salim alidai kwamba yeye ndiye aliyeutunga. Waliopiga ngoma na magita nyuma ya mwimbaji, mara nyingi sahani haiwataji kabisa. Nadhani hiyo ni dhuluma, ijapokuwa hakuna aliyekusudia kuitenda.

Tena kuna taabu ya lakabu. "Slim" maana yake ni mwembamba, na wanamuziki wengi wa zama hizo walijulikana kwa majina ya namna hiyo tu. Ukilipeleka mtaani jina lililochapwa, huenda hata jirani asilitambue. Wengine walificha kazi yao makusudi, kwa sababu jamaa zao hawakupenda kusikia kwamba kijana wao anaimba mahali panapouzwa pombe.

Baada ya sahani, waendee wazee. Hapo nilikosea mimi. Nilimwendea mzee mmoja wa Shelly Beach, aliyepata kupiga gita hotelini, nikamwuliza miaka.

"Miaka sikuiandika, mwalimu," akanijibu, akanyamaza.

Nikaona haya. Nikageuza swali: walipokwenda kupiga muziki Kisauni, walivuka daraja lipi, lile la zamani lililoelea juu ya maji au hili jipya?

"Lile la kuelea," akasema mara moja. "Tena Mzee Kenyatta alikuwa hai."

Daraja jipya la Nyali lilifunguliwa mwaka 1980, na Kenyatta alifariki papa hapa Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Kwa maneno machache mzee alikuwa amenipa mpaka ambao sahani haikunipa. Kutoka hapo mtu aweza kwenda kwenye hifadhi ya magazeti ya zamani, kama Daily Nation lililoanza mwaka 1960, akapekua matangazo ya dansi. Maana kumbukumbu ya mzee nayo yataka shahidi.

Nilipofunga daftari, mzee alinizuia. Akanitajia wenzake wanne, akaniamuru nimsomee niliyoyaandika, akasahihisha herufi moja katika jina la mpiga ngoma, akataka nisome tena. Ndipo akaniruhusu kuondoka kuiwahi feri.