Neno Shule: Asili Yake, Njia Zake na Maana Iliyosahauliwa

Igwachanya ni makao makuu ya Wilaya ya Wanging'ombe katika Mkoa wa Njombe. Mtoto wa hapo akiulizwa asubuhi aendako, hujibu kwa neno moja: shule. Jibu hilo limezoeleka mno hata asili yake haiulizwi. Hata hivyo, neno lenyewe lilianzia Ugiriki ya kale, likapita Roma na Ujerumani kabla ya kufika Nyanda za Juu Kusini. Historia yake haielezeki kwa kufuata sauti peke yake. Hapana budi kufuata pia kazi ambayo neno lilipewa katika kila nchi.

Katika Kigiriki cha kale, skholē halikuwa jina la jengo. Maana yake ilikuwa wasaa, yaani nafasi ya mtu aliyepumzika na shughuli za kutafuta riziki. Kwa kuwa wenye wasaa waliutumia katika mazungumzo ya elimu, neno lilihamia kwenye mazungumzo hayo, kisha kwenye wafuasi wa mwanafalsafa na mahali walipokutana. Warumi walilipokea kwa umbo la schola.

Lugha zilizozaliwa na Kilatini zilirithi neno hilo, kila moja kwa desturi yake. Kiitalia husema scuola. Kihispania na Kireno viliweka irabu mbele ya konsonanti mbili za mwanzo, vikapata escuela na escola. Kifaransa cha kale kilisema escole, kisha kikadondosha s na kubaki na école. Mzungumzaji wa Kiswahili hawezi kushangaa, kwani lugha yake nayo huongeza irabu katika maneno ya mkopo, ila mara nyingi huiweka mwishoni.

Maana nazo zilitawanyika. Katika mji wa Venice, scuola kilikuwa pia chama cha waumini wa kawaida cha ibada na kusaidiana. Nchini Brazil, neno escola hutumika pia kwa makundi ya ngoma ya samba. Kiingereza hutumia school kwa mahali pa kufundishia na kwa mkondo wa fikra. Lakini neno kama hilo linapotajwa kwa kundi la samaki, asili yake ni nyingine: limetoka katika Kiholanzi, kwa maana ya kundi. Mfano huo ni onyo kwa mtafiti kwamba kufanana kwa sauti si ushahidi wa undugu.

Je, ni njia ipi iliyolileta neno hili Afrika ya Mashariki? Wareno walifika pwani mwaka 1498, na Ngome ya Yesu ya Mombasa ikawatoka mikononi mwaka 1698. Kiswahili kilichukua kwao meza, leso na bendera. Kilichukua hata gereza, ambalo kwa Kireno lilikuwa neno la kanisa. Hakikuchukua escola. Muda mrefu wa kukaa pamoja, basi, hautoshi kuleta neno.

Neno lililodumu lililetwa na Wajerumani. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 serikali yao ilifungua shule Tanga. Katika nchi ya Wabena, wamisionari wa Berlin walianzisha vituo vya Kidugala na Ilembula, ambavyo leo vimo katika Wilaya ya Wanging'ombe. Kwa Kijerumani, mahali pa kufundishia paliitwa Schule, nalo ni tawi la schola ileile. Utawala wa Wajerumani ulikwisha katika Vita Kuu ya Kwanza; shule ikabaki, pamoja na hela.

Zanzibar, iliyokuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890, ilipokea neno la Kiingereza, na hadi leo husema skuli. Kenya nayo ilitawaliwa na Waingereza, lakini katika Kiswahili sanifu cha huko neno ni shule. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilishughulikia Kiswahili cha Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar kwa pamoja; mipaka ya maneno haikulazimika tena kufuata mipaka ya wakoloni.

Aidha, shule haikujaza mahali patupu. Waswahili walikuwa na chuo, neno lililomaanisha kitabu na pia mahali pa kusomea Kurani, na ambalo leo limepanda cheo hadi chuo kikuu. Waganda waliunda essomero kutokana na kusoma, na katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo masomo ni jina la shule yenyewe.

Katika safari hiyo yote, maana ya wasaa ilisahauliwa. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alipinga elimu inayomtenga mwanafunzi na jamii yake, akataka shule iwe pia mahali pa uzalishaji. Jembe likaingia shuleni, na hoja yake ilikuwa na uzito, kwani wasaa wa Wagiriki ulitegemea jasho la watumwa. Azimio la Musoma la 1974 lilihimiza elimu ya msingi kwa wote. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2001, na ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016.

Lakini kuondoa ada si sawa na kumpa mtoto wasaa. Katika nchi ya mahindi na viazi, mzazi anayempeleka mtoto shule hupunguza mikono shambani. Na yule anayetumwa mjini kufanya kazi za nyumbani hukosa kilekile ambacho neno lilikitaja tangu mwanzo. Wagiriki waliutengea wasaa wachache. Taifa linalosema shule ni ya wote limejitwika deni kubwa zaidi: kumpa kila mtoto wa Igwachanya saa zake za kusoma, kabla jembe halijamwita.