Historia ya Mpanda Ubaoni

Msomaji, ukitaka kuijua Mpanda usianzie kwenye mafaili ya serikali. Anzia kwenye ule ubao ulioegemezwa nje ya hoteli, ulioandikwa kwa chaki: ugali migebuka, wali maharage, ugali nyama, chapati supu. Hoteli ninayoisema si ya kulala. Mabingwa wa Kiswahili watasema ni mgahawa, neno lililotokana na kahawa, lakini sisi tunakula hotelini, basi.

Kila mstari wa ubao huo una safari yake. Mji wenyewe uliletwa na risasi, ile ya kuchimbwa ardhini. Ili kuisafirisha, Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Kaliua, kilometa 210 hivi, likakamilika mwaka 1950. Penye mgodi na stesheni pana watu walio mbali na majiko yao, na hapo ndipo mwenye sufuria kubwa anapopata mtaji. Ilipofika miaka ya 1960 mgodi ulikuwa umefungwa. Treni ikabaki, na njaa ya abiria nayo ikabaki.

Migebuka inapanda kutoka Ziwa Tanganyika, kule Karema na Ikola. Wali una mkono wa mpunga wa Mpimbwe, na nyama ina kwato za ng'ombe wa Wasukuma waliohamia kusini kutafuta malisho. Maharage na unga wa muhogo je? Hapo ongeza Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, wakapewa mapori ya Katumba na baadaye Mishamo wayalime. Wakayalima kweli! Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000, pamoja na wale wa Ulyankulu mkoani Tabora, walipewa uraia wa Tanzania. Maharage yao yalikuwa raia wa ubaoni siku nyingi.

Hata chaki ina historia. Mwaka 1986 serikali ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ikashushwa thamani na bei hazikutulia tena. Bei iliyopakwa rangi ukutani inakuumbua. Ya chaki unaifuta kwa kiganja, mteja wa jana asijue.

Sasa tuseme ukweli, washikaji. Mkoa wa Katavi ulipomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, mji ukapanda cheo, na siku hizi unaweza kuletewa menyu ya plastiki, kurasa sita, picha za piza juu. Unaagiza, unaambiwa haipo. Unaagiza nyingine, nayo haipo. Mwisho unauliza, "Kwani kuna nini?" Mhudumu anataja vitu vitatu, vilevile vya ubaoni. Kwa maoni yangu hiyo ni hadithi ya kubuni, tena mbovu. Huko Paris, mwishoni mwa karne ya 18, migahawa ilijipatia jina kwa sababu mlaji alichagua mwenyewe kwenye orodha na bei akaiona kabla ya kula. Orodha ni ahadi.

Wewe unayejifunza kuandika, ukiombwa na shangazi umwandikie menyu, usidharau kazi hiyo. Tazama jinsi tunavyotaja chakula: wali kuku, ugali dagaa. Kinachoshibisha kinatangulia, lakini kinachopandisha bei ni kitoweo. Kwa hiyo panga kwa kitoweo, bei ikae ubavuni mwake, mtu mwenye noti moja mfukoni ajue mara moja anakula nini bila kuaibika mbele ya kaunta. Mistari minane inatosha. Andika "migebuka ya Karema", si "samaki". Neno moja la mahali linauza kuliko "tamu sana".

Na asali? Misitu ya miombo imetuzunguka, Wakonongo wanarina asali tangu enzi, masika uyoga unajaa porini. Tafuta ubaoni kama utaviona. Kijana anayekulia mjini akisoma ubao huo kila siku atadhani kwao kuna wali na chipsi tu. Iandike: chapati asali, kikombe cha chai, bei yake. Uyoga uupe mstari wake mvua zikianza.

Na migebuka ikiisha saa nane mchana, chukua kitambaa uifute, hata kama sufuria ya ugali bado imejaa.