Chuma cha Ugweno na Biashara ya Uhaba

Masika yakiisha, vijito vya Upare Kaskazini huacha kingoni mchanga mweusi, mzito kuliko mchanga wa kawaida. Ndio uliokuwa malighafi ya chuma cha Ugweno, eneo la huko huko. Mchanga ulikuwa wa kuzoa tu. Kilichoadimika ni mkono wa kuugeuza chuma.

Kazi ilidai mkaa tele, tanuri la udongo, mivukuto ya kupuliza moto bila kuchoka, na jicho la kutambua chuma kilipoiva. Mpaka leo mavi ya chuma na vipande vya vibomba vya udongo vinaokotwa mashambani huko. Uhunzi ulikuwa wa ukoo wa Washana, ukirithishwa baba kwa mwana na kuzungushiwa miiko. Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare, anaeleza jinsi Washana walivyotawala Ugweno hadi walipopinduliwa na ukoo wa Wasuya, yapata karne ya 16. Wasuya walitwaa utawala; nyundo ilibaki kwa Washana.

Soko kubwa lilikuwa Uchagani. Kilimanjaro ina maji na rutuba, lakini wahunzi wake walitegemea chuma cha Upare kufua majembe na mikuki. Watawala waliogombana mwaka hadi mwaka hawakuwa na budi kukitafuta, na mwenye ujuzi akawa na sauti katika bei.

Karne ya 19 misafara ya pwani, iliyofuata bonde la Pangani chini ya milima ya Same, ilileta nyaya za chuma, na baadaye yakaja majembe ya viwandani. Mnunuzi alitaka chuma, hakujali kimetoka tanuri gani. Matanuri yakapoa.

Kwenye kumfanya mnunuzi ajali bidhaa imetoka kwa nani ndipo makampuni ya anasa ya leo yanapowapita Washana. Ngozi na uzi wa mkoba wa Birkin, unaotengenezwa na Hermès ya Ufaransa tangu 1984, si siri ya ukoo. Fundi mwingine hodari anaweza kushona unaofanana nao. Kinachobanwa ni idadi, na kinachouzwa ni jina. Burberry ya Uingereza ilikiri mwaka 2018 kuwa ndani ya mwaka mmoja iliteketeza bidhaa za pauni milioni 28.6, na baada ya kelele za watu ikaahidi kuacha. Bidhaa nzima zilichomwa ili zisije zikauzwa kwa bei ya chee.

Mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba, wilayani Same, yuko upande wa pili wa hesabu hiyo. Jirani zake huvuna wakati mmoja naye, mnunuzi huchagua, bei hushuka. Kuchoma mavuno hawezi. Kukausha, kusaga na kuuza kwa jina la milima yake anaweza, na jina hilo ndilo ambalo chuma cha Ugweno hakikuwa nalo mbele ya waya wa pwani.