Buluu Iliyopauka Ni Mgeni, Mkalishe na Wenyeji

Watu wangu wa Kisumu, leo nina maneno. Siku hizi ukifungua Instagram ama Pinterest, sebule ni ile ile moja. Ukuta una buluu iliyopauka, kama jinzi iliyofuliwa miaka mitatu. Kiti kijivu, zulia kijivu, pazia kijivu. Halafu mtu wa Nyalenda ananiandikia: "Nimepaka ukuta, sasa niweke na rangi gani?" Na fundi ameshamwambia kijivu, ati ndiyo ya kisasa.

Mimi nasema hapana. Na siyo kwa sababu kijivu ni mbaya. Ni kwa sababu hii buluu ina safari ndefu kufika hapa kwetu, na ukiijua hiyo safari, utajua yenyewe inataka kukaa na nani. Chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo msiniite profesa, lakini kusoma sikuacha.

Tuanze na lugha, kwa sababu lugha haifichi kitu. Kiswahili kina rangi tatu tu ambazo ni vivumishi kamili, zile zinazobadilika kufuata jina: -eupe, -eusi, -ekundu. Nyumba nyeupe, ukuta mweusi, udongo mwekundu. Hizo zingine zote zimeazima jina kwa kitu. Kijani ni ya majani. Manjano ni ya bizari. Kahawia ni ya kahawa. Samawati ni ya mbinguni, kutoka Kiarabu. Na buluu? Hilo ni neno lililokuja na mzigo. Dholuo nayo ni hivyo hivyo: rachar, rateng', rakwar, yaani nyeupe, nyeusi, nyekundu. Ukifika kwa buluu unasema rambulu, na hata mtoto anasikia hiyo "bulu" imetoka wapi.

Si sisi peke yetu. Mwaka 1969 wasomi wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walitoa kitabu kuhusu majina ya rangi katika lugha nyingi za dunia. Waliona kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi, mara nyingi majina hayo ni ya nyeupe, nyeusi na nyekundu. Buluu huja baadaye. Kwa hivyo asiwaambie mtu kwamba tulikuwa nyuma. Tulikuwa na wenyeji watatu, na mgeni alikuwa bado njiani.

Sasa angalia hao wenyeji walikuwa wapi. Walikuwa ukutani. Upande wa Maseno udongo ni mwekundu, upande wa Kano ni ule mweusi unaonata viatu mpaka unatembea kama umefungwa mawe. Wanawake walikandika nyumba kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, wakalainisha kwa kiganja, wakachora kwa vidole. Jivu lilitoa weupe. Moshi wa jikoni ulitoa weusi bila kuombwa. Ukitaka kuona mpangilio wa boma la Kijaluo bila kusafiri mbali, nenda Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa 1980. Kuna boma zima pale, Ber-gi-dala.

Na hizo rangi tatu hazikuwa za ziwani tu. Mtu wa Pwani anajua kanga ya kisutu: nyekundu, nyeusi, nyeupe. Wale wale watatu.

Mgeni alikuja vipi? Kwanza alikuja amevaliwa. Karne ya 19 misafara kutoka Pwani ilibeba vitambaa na shanga kuingia bara. Kulikuwa na merikani, kitambaa ambacho hakijapaushwa, kutoka viwanda vya Marekani. Na kulikuwa na kaniki, kitambaa cha pamba kilichotiwa nili, buluu nzito karibu nyeusi, mzigo wa kutoka India. Sasa mnajua nguo ya nili ikivaliwa inafanya nini. Inachuja. Jua, jasho, kufua, halafu jua tena. Kidogo kidogo ile buluu nzito inakuwa nyepesi, inakuwa ya vumbi. Yaani hiyo rangi mnayonunua leo kwa debe, watu waliipata bure kwa kuvaa nguo mpaka ikachoka.

Na msidhani watu wa bara walikuwa wanachukua chochote. Wafanyabiashara wa shanga waliumia sana kwa kubeba rangi isiyotakiwa. Shanga iliyopendwa mahali fulani mwaka jana, mwaka huu hakuna anayeiangalia. Joseph Thomson, Mskoti aliyefika karibu na ziwa letu Desemba 1883, alipokuwa Taveta ilibidi watu wake wakae wakitunga shanga upya ndiyo zikubalike kwa Wamaasai. Fasheni haikuletwa na intaneti, jamani. Nyanya zetu walikuwa wakali kuliko sisi.

Halafu reli. Tarehe 20 Desemba 1901 reli ilifika ziwani, mahali walipopaita Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston. Ndiyo Kisumu hii. Reli ikaja na maduka ya Wahindi. Alidina Visram, aliyekuwa na maduka kutoka Pwani mpaka Uganda, naye alifungua hapa. Kitu kilichokuwa kinabebwa kichwani miezi mingi sasa kinafika kwa siku chache, kwa behewa. Mabati, misumari, sabuni, na bluu ya kufulia.

Hapo kwa bluu ya kufulia nataka tukae kidogo, kwa sababu wengi mnaijua na hamjui ni nini. Zamani sana buluu bora duniani ilisagwa kutoka jiwe la lazuli lililochimbwa Afghanistan, na bei yake haikushikika. Mwaka 1824 chama kimoja cha viwanda Ufaransa kikatangaza zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayeitengeneza kwa bei ya chini. Mfaransa mmoja, Jean-Baptiste Guimet, akaipata, na zawadi akapewa 1828. Unachoma udongo mweupe, magadi na salfa pamoja, unapata unga wa buluu. Rangi ya wafalme ikawa rangi ya karai la nguo. Kampuni ya Reckitt ya mji wa Hull, Uingereza, ikaiuza duniani kote ili mashati meupe yaonekane meupe zaidi.

Na huo unga una tabia moja ya ajabu: haufi ndani ya chokaa. Kuna buluu nyingine, ile ya Prussia, ambayo chokaa inaiua. Hii ya kufulia inavumilia. Kwa hivyo mtu yeyote mwenye ndoo ya chokaa na kidonge cha bluu ana rangi ya ukuta. Na kwa sababu kidonge ni kidogo na chokaa ni nyingi, inatoka buluu gani? Iliyopauka! Weka juu yake moshi wa taa ya mafuta, weka vumbi la kiangazi, weka mvua inayorusha tope jekundu mpaka kwenye magoti ya ukuta. Hapo ndipo mgeni alipokutana na wenyeji. Juu buluu ya chokaa, chini udongo mwekundu ama mweusi uliosiribwa kuficha matone ya tope. Mpaka leo angalia maduka na shule za msingi njiani kwenda Ahero au Bondo. Juu rangi nyepesi, chini rangi nzito. Hiyo ni akili ya mvua.

Waswahili walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Buluu imekaa kwetu zaidi ya karne. Ameshapewa jembe, ameshalima, ameshapauka juani kama sisi. Ndiyo maana naipenda. Buluu mpya inayong'aa ni ya mtu aliyeshuka kwenye treni jana. Iliyopauka ni ya mtu aliyebaki.

Sasa mpangilio wenyewe. Jibu langu ni moja: mkalishe na wale watatu.

Nyekundu ya udongo kwanza. Rangi ya tofali, ya chungu, ya barabara ya Maseno. Zinapendana kwa sababu kwenye gurudumu la rangi buluu na chungwa zinatazamana uso kwa uso. Najua hapa Kisumu chungwa si rangi tu, tangu ile kura ya maoni ya Novemba 2005, lakini chungwa ikitiwa udongo inaacha siasa. Chungu cha maji pembeni mwa ukuta wa buluu kinatosha.

Pili nyeupe, lakini isiwe ile ya hospitali. Weupe wa jivu, wa chokaa, wa merikani. Dari na madirisha. Nyumba zetu nyingi ni ndogo na juu ni bati, mwanga unahitaji mahali pa kurukia.

Tatu nyeusi, kidogo sana. Fremu ya picha, miguu ya stuli. Kama wanja.

Halafu mkeka wa mafunjo ya ziwani katikati, ule wa manjano ya kukauka. Umemaliza. Na kama mwenye nyumba hataki upake ukuta, na wengi hawataki, usigombane. Nenda Kibuye, tafuta shuka ya buluu iliyochoka kwenye mitumba, itundike. Kaniki ilikuwa kitambaa kabla buluu haijawa ukuta.

Kwa nini nasumbua watu na haya? Kwa sababu tumefundishwa kwamba udongo ni umaskini. Kijana akijenga simba yake leo, kitu cha kwanza anataka ni kufuta kila dalili ya mama yake ukutani. Anapaka kijivu. Wakati huo huo mtalii analipa pesa nyingi kulala kwenye nyumba ya udongo mwekundu yenye shuka za buluu, na picha hiyo hiyo inarudi kwenye simu ya yule kijana ikiitwa mtindo mpya kutoka ng'ambo. Wale mama wanaojua udongo gani unapasuka na gani haupasuki, wanaojua kuchora kwa vidole vitatu bila kuinua mkono, wanazeeka. Wakienda, hakuna duka la rangi litakalotuuzia hiyo kitu.

Kwa hivyo kabla ya kumuuliza fundi, muulize nyanya yako ukuta wake ulikuwa wa rangi gani, na alitoa wapi udongo. Halafu niandikie hapa chini alikujibu nini. Nitasoma zote.