Mhusika wa Mtaa wa Mabanda Haumbwi kwa Matope

Wanafunzi wa fasihi hufunzwa kwamba mhusika hujengwa kwa maelezo, usemi na matendo. Sawa. Ila kuna tendo na tendo. Linalofanyika mara moja husukuma ploti mbele. Linalorudiwa kila siku au kila msimu ndilo humfanya msomaji aape kwamba mtu huyu anamjua.

Chukua Ben, mhusika mkuu wa Going Down River Road, riwaya ya Meja Mwangi iliyotoka mwaka wa 1976. Mwondolee mjengo mchana na pombe ya bei rahisi jioni, uone kama atabaki na kitu. Mwangi hahitaji kutuhubiria kuhusu umaskini wa Nairobi. Anamrudisha tu Ben kazini asubuhi, pombe ya jana bado kichwani.

Televisheni nayo ilitupa Mzee Ojwang' wa Vitimbi, katika KBC. Mwigizaji Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu, lakini kwa miwani ile na matamshi yale ya Kiluo, wiki baada ya wiki, alipofariki Julai 2015 wapo waliopigwa na butwaa kusikia kwamba hakuwa Mluo. Mazoea ya ulimi yalikuwa yamewashinda hata ushahidi wa jina.

Kibera ilipata mfano wake bora, kwa maoni yangu, mwaka wa 2010 katika filamu ya Soul Boy, iliyoelekezwa na Hawa Essuman kwa mswada wa Billy Kahora. Kijana Abila anamkuta babake amejikunyata, akinung'unika kwamba roho yake imeibwa. Aliyeichukua ni Nyawawa. Wanaotoka kandokando ya Ziwa Victoria hawahitaji kuelezwa: nyawawa ni pepo wapitao, na wanaposikika watu hugonga masufuria, mabati na milango ili wasije wakaingia nyumbani. Filamu inaihamisha imani hiyo hadi kwenye vichochoro vya Kibera, ambako Abila anapewa majukumu saba ya kuikomboa roho ya babake.

Majukumu hayo yangeweza kuwa ya hekaya tupu. Hayawi hivyo, kwa sababu baba mwenyewe ameupa ugonjwa wake jina la nyumbani. Alikuja mjini na mzigo wake wote, na mmojawapo ni hofu ya mamake. Rafiki anayemsaidia Abila anaitwa Shiku, jina la Kikuyu, miaka miwili tu baada ya ghasia za uchaguzi, wakati ambapo hata reli ipitayo Kibera iling'olewa. Hakuna hotuba ya amani inayozidi kuwaona wawili hao wakitembea pamoja.

Lakini waandishi wengi, hasa wa insha na hadithi fupi tunazosoma mashindanoni, huendelea kuchora Kibera ya mitaro ya maji machafu na kuiita uhalisia. Mitaro ipo. Ila mtaro hauna tabia, na aliyezungushiwa mitaro pekee naye hatakuwa nayo. Jaribu kumhamishia mhusika wa namna hiyo Kawangware: hakuna sentensi itakayobadilika. Hapo ujue hakuwahi kuishi popote.

Kawangware ina zake. Imepakana na Lavington ya matajiri, na asubuhi watu huvuka kwa miguu kwenda kufua, kupika na kulinda malango. Msimu wa mvua mtu hubeba viatu vya kazini mkononi, ndani ya mfuko (wa plastiki, kabla ya marufuku ya 2017), akifika penye lami anafuta matope na kubadilisha. Mwandishi akimpa mhusika dakika mbili hizo, na jinsi anavyotazama huku na huku kabla ya kuinama, hana haja ya kutuambia anaona haya.

Na hata Kibera haijamalizwa. Jina lenyewe latokana na neno la Wanubi, kibra, yaani msitu. Walikuwa askari wa King's African Rifles waliopewa makao hapo, na mwaka wa 1918 eneo likatangazwa rasmi kuwa la kijeshi. Vitukuu wao wako Makina hadi leo, na harusi zao huchezewa doluka. Riwaya ya Kiswahili ambayo bibi wa Kinubi anaamka kuandaa harusi kama hiyo, mimi bado naisubiri.