Riwaya Iliyoachwa Njiani

Tarehe 24 Julai 2000, mwandishi Mmarekani Stephen King aliweka sehemu ya kwanza ya riwaya yake, The Plant, kwenye tovuti yake mwenyewe. Hakukuwa na mchapishaji, wala duka la vitabu, wala kufuli la kuzuia nakala. Bei ilikuwa dola 1. Msomaji aliweza kuipakua kwanza akalipa baadaye, na asiyetaka kulipa hakuna aliyemzuia. Sharti la mwandishi lilikuwa moja tu, nalo liliwahusu wasomaji wote kwa pamoja: angalau 75% ya waliopakua walipe, la sivyo hadithi ingekoma. Ilipofika Desemba, baada ya sehemu 6, hadithi ilikoma kweli, na haijamalizwa hadi leo. Tangu hapo mkasa huu umesimuliwa mara nyingi kama ushahidi kwamba msomaji wa mtandaoni ni mwizi. Nikiupima ushahidi wenyewe, sioni kama unasema hivyo. Uaminifu wa msomaji ulipungua, ni kweli, lakini kilichokatika ni ahadi ya kuifikisha hadithi mwisho. Katika biashara ya vitabu ahadi hiyo ilikuwa ikilindwa na mchapishaji, na mwandishi alipomwondoa mchapishaji, mlinzi huyo hakupatiwa mbadala.

King hakuingia katika jambo hili akiwa amefumba macho. Mwezi Juni 1999 aligongwa na gari katika jimbo la Maine, na alipokuwa akiuguza majeraha aliandika hadithi fupi, Riding the Bullet. Machi 2000 kampuni ya Simon & Schuster iliitoa kwa njia ya kielektroniki peke yake, kwa dola 2.50, na katika saa 24 za mwanzo ziliombwa nakala zaidi ya 400,000. Nyingi zilitolewa bure, kwa sababu maduka makubwa ya mtandaoni yaliamua kuzigawa ili kuvuta wateja. Hadithi hiyo ilikuwa na kufuli la kidijitali, na kufuli hilo likavunjwa upesi. Nakala zisizo na ulinzi zikasambaa. Kwa hiyo mwandishi alikuwa na mafunzo mawili mkononi: watu walio tayari kusoma kwenye kompyuta wapo, na kufuli halimzuii aliyekusudia kuiba. Kuiacha The Plant bila kufuli ulikuwa uamuzi wenye mantiki. Alieleza waziwazi pia kwamba jaribio likifaulu, wachapishaji wakubwa watakosa usingizi.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Katika wiki ya kwanza sehemu ya kwanza ilipakuliwa zaidi ya mara 150,000, na malipo yalifika 76%. Tukumbuke hali ya wakati ule: kifaa cha Kindle kilikuwa hakijazaliwa, watu wengi walisoma mbele ya kompyuta nzito ya mezani au walitoa kurasa kwenye printa. Wasomaji watatu kati ya wanne walilipia kitu ambacho wangeweza kukichukua bure. Mambo yalibadilika katika sehemu ya 4. Ilikuwa ndefu zaidi, kurasa 54, na bei ikapanda hadi dola 2. Malipo yakaporomoka hadi 46%. Wanaomlaumu msomaji huishia kwenye tarakimu hii. Lakini bei imepanda maradufu katikati ya safari, kisha tunashangaa kwamba baadhi ya abiria wamesita kutoa nauli? Isitoshe, hesabu yenyewe ilikuwa ya faili zilizopakuliwa, na faili si mtu. Aliyepakua mara mbili, mara moja kazini na mara moja nyumbani, au aliyekatikiwa na intaneti ya simu ya waya akaanza upya, aliweza kuonekana kama wawili, mmoja mwaminifu na mmoja mwizi. Kulikuwa pia na vijana wasio na kadi ya benki, na wasomaji wa nje ya Marekani ambao kwao kutuma dola 1 kulikuwa na taabu kubwa kuliko thamani ya dola yenyewe. Hapa kwetu M-Pesa ilikuja Kenya mwaka 2007. Mwaka 2000, msomaji wa Mombasa au Mwanza asiye na kadi angelipaje?

Fedha nazo zinapinga simulizi ya wizi. Baada ya kutoa gharama zote, yakiwemo matangazo ya magazetini, King alitangaza kwamba faida ilizidi dola 460,000. Hiyo ni faida ya nusu riwaya, iliyouzwa kwa miezi mitano, isiyo na karatasi wala ghala. Biashara iliyouawa na wezi haiachi urithi wa namna hiyo. King mwenyewe hakusema kwamba amefilisiwa; alisema anasimama kwa sababu kazi nyingine zinamsubiri, na ni kweli zilikuwepo: Dreamcatcher ilitoka Machi 2001, na Black House, aliyoiandika pamoja na Peter Straub, ikafuata Septemba.

Kuna ushahidi mwingine ambao naona ni mzito kuliko tarakimu zote. The Plant haikuanza mwaka 2000. King aliianza mwaka 1982 kama zawadi ya Krismasi kwa marafiki, akachapa kijitabu kupitia Philtrum Press, kampuni yake ndogo, akatoa kingine mwaka 1983 na cha tatu mwaka 1985. Kisha akaacha, kwa kuwa aliona hadithi yake inafanana mno na filamu ya Little Shop of Horrors, ambayo nayo ina mmea unaokula watu. Hakuna rafiki aliyekuwa anadaiwa senti, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuiba, na bado hadithi iliishia njiani. Riwaya ileile, mwandishi yuleyule, imeachwa mara mbili, na mara ya kwanza wizi haukuwepo. Kinachofanana katika nyakati zote mbili ni kwamba King alikuwa mwandishi na mchapishaji wa nafsi yake, bila mtu wa kumwambia: umeanza, maliza.

Tulinganishe na The Pickwick Papers ya Charles Dickens, riwaya ambayo wachapishaji Chapman and Hall waliitoa London kwa sehemu za kila mwezi, kila sehemu shilingi 1, kuanzia Aprili 1836. Mwanzoni iliuzwa nakala zipatazo 400 tu. Mchoraji wake, Robert Seymour, alijiua kabla sehemu ya pili haijatoka. Mchapishaji aliyetaka sababu ya kuacha alikuwa nayo tayari. Lakini Chapman and Hall walipunguza picha za kila sehemu kutoka 4 hadi 2, wakaongeza kurasa kutoka 24 hadi 32, wakaendelea. Mhusika Sam Weller alipoingia katika sehemu ya 4 wasomaji walianza kumiminika, na kufikia mwisho, Novemba 1837, sehemu moja iliuzwa nakala zipatazo 40,000. Simsifu mchapishaji kwa ukarimu. Alikuwa mfanyabiashara na alichukua sehemu kubwa ya pato. Lakini fedha alizokuwa ameshatia na makubaliano aliyokuwa ameshafanya vilimfanya avumilie miezi ya njaa ambayo mwandishi peke yake asingeivumilia.

Mtu anaweza kunipinga hivi: sharti lilitangazwa tangu siku ya kwanza, malipo yakashuka chini ya kiwango, basi King alikuwa na haki ya kusimama. Haki alikuwa nayo, sikatai. Ila tulitazame sharti lenyewe. Lilimwadhibu aliyelipa kwa kosa la asiyelipa, sawa na abiria wa daladala aliyekwisha kutoa nauli kushushwa njiani kwa sababu waliokaa nyuma hawakutoa. Kadiri hatari ya kushushwa inavyoongezeka, ndivyo sababu ya kulipa mapema inavyopungua. Sharti lililokusudiwa kujenga uaminifu lilimfundisha msomaji kusubiri aone kwanza.

Pingamizi la pili ni kwamba King alikuwa tajiri na maarufu, kwa hiyo mkasa wake hautufundishi lolote kuhusu mwandishi wa kawaida. Naona kinyume chake. Umaarufu ulimpa wasomaji waliokuwa tayari kumwamini bila kufuli, na hata hivyo jengo halikusimama. Mwandishi asiyejulikana anahitaji ahadi imara zaidi, si pungufu. Historia iliyofuata inaelekea huko. Amazon ilipoanzisha Kindle mwaka 2007 pamoja na mfumo wa waandishi kujichapishia, na mwaka 2010 ilipowapa fursa ya kupata 70% ya bei, walionufaika walikuwa hasa wale waliouza kitabu kizima. Amanda Hocking wa Minnesota alianza kuuza Aprili 2010 akiwa hana jina, lakini kabatini alikuwa na riwaya kadhaa zilizokwisha kuandikwa. Ndani ya mwaka mmoja hivi nakala zake zilizidi milioni moja, na Machi 2011 akasaini mkataba wa dola milioni 2 na St. Martin's Press, yaani akarudi kwa mchapishaji kwa hiari yake. Msomaji wa Hocking hakuombwa kuamini kwamba hadithi itamalizika, kwa sababu ilikuwa imekwisha kumalizika kabla hajatoa senti yake. Waandishi wetu wa Afrika Mashariki wanaouza riwaya sehemu kwa sehemu kupitia simu wanaishi upande ule mwingine, wa The Plant, na kila mteja anayetuma malipo ya sehemu ya tatu anauliza swali lilelile la mwaka 2000: je, hadithi itamalizika?

Sehemu ya 6 ilitolewa bure tarehe 18 Desemba 2000, na zote sita sasa zinapatikana bila malipo kwenye tovuti ya mwandishi. Ndani yake, katika ofisi za kampuni ya vitabu ya kubuniwa huko New York, mmea uliotumwa na mwandishi aliyekataliwa bado unatambaa ukutani, na wahariri wanaufuga kwa sababu umeanza kuwaletea faida.