Mnara wa Siloamu na Maghorofa ya Jiji Letu



Asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, si mbali na bandari na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, liliporomoka. Watu 36 walipoteza maisha. Siku tuliyobusu Msalaba, jiji letu lilikuwa likifukua kifusi.

Uchunguzi wa awali ulionesha kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Tulitafakari jambo hili. Ghorofa haijengwi usiku mmoja. Ghorofa sita za ziada zilipanda moja baada ya nyingine, mbele ya macho ya mtaa mzima.

Tarehe 16 Novemba 2024 msiba ulirudi, safari hii Kariakoo. Jengo la ghorofa 4 lilianguka Jumamosi asubuhi, likafunika wafanyabiashara na wateja wao. Zaidi ya watu 80 waliokolewa wakiwa hai, lakini wengine zaidi ya 20 walifariki. Serikali iliagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini methali hii humsemesha mwenye ukuta. Kariakoo, jengo ni la mmoja, fremu ameipanga mwingine, mzigo ni wa watatu, na mteja anapita tu. Basi ufa ukitokea, unakuwa wa nani? Kila mmoja anauona, na kila mmoja anadhani mwenzake ameshasema. Tena mpangaji anahofu kwamba akisema atanyang'anywa fremu inayolisha watoto wake. Hofu hiyo ni ya kweli, wala tusiidharau.

Bwana wetu alipokumbusha juu ya watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu (Lk 13:4), alikataa kabisa kuwahesabu kuwa wakosefu kuliko wengine. Nasi tusiwahukumu marehemu wetu. Hata hivyo, aliwageukia walio hai akawataka watubu. Naye nabii Ezekieli (sura ya 33) anafundisha kwamba mlinzi aonaye upanga ukija asipige tarumbeta, atadaiwa damu ya ndugu zake.

Hivyo, ndugu zetu, kutubu kwetu kuwe na matendo. Ufa unaopanuka, nguzo inayomeguka, mlango ulioanza kugoma kufunga, shimo linalochimbwa chini ya jengo lenye watu: tuyatamke. Anayeogopa kusema peke yake, aseme pamoja na wenzake. Jumuiya Ndogo Ndogo ziwapeleke wanne au watano kwa mwenye nyumba, na kwa serikali ya mtaa. Na tufanye vivyo hivyo majumbani, kwa kikohozi kisichokoma na kwa mtoto aliyenyamaza ghafla.

Tuwaombee marehemu wote wa Kisutu na Kariakoo. Raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Amina.